Samweli Alisikia, Ila Hakujua Ni Nani: Kujifunza Kumsikiliza Mungu Katika Sala

Mama akilalamika kwamba "mtoto huyu hasikii", hakuna anayekimbia kumpeleka hospitali akapimwe masikio. Kila aliyepo ameelewa kwamba mtoto hatii. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia usingizi, tunasikia harufu ya wali unaoungulia jikoni. Kiswahili hakijawahi kulifungia neno hili ndani ya sikio, na anayetaka kujifunza kumsikiliza Mungu katika sala atafanya vizuri kuanzia hapo. Wengi hukwama mlangoni kwa sababu wanangoja mlio. Wanapiga magoti, wanataja haja zao, wananyamaza dakika mbili, halafu wanainuka wakiamini kwamba Mungu husema na mchungaji na yule mama wa maombi wa mtaa wa pili, ila wao amewapita.

Kisa cha Samweli katika 1 Samweli 3 hufundishwa sana katika shule ya Jumapili, na huenda ndiyo maana watu wazima hukipita haraka. Kijana amelala katika nyumba ya Bwana, Shilo. Anaitwa. Anasikia vizuri kabisa, tena anaamka na kukimbia, lakini anakimbilia kwa Eli, na anafanya hivyo mara tatu. Maandiko yanataja sababu: Samweli alikuwa bado hamjui Bwana, na neno la Bwana lilikuwa halijafunuliwa kwake. Masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote. Alichokosa ni kutambua. Bila shaka sauti ile ilifanana vya kutosha na sauti ya mzee aliyemlea, la sivyo asingemwendea huyo huyo mara tatu. Mungu alimjia kwa njia aliyoizoea, na kilichozoeleka ni rahisi kukidhania kitu kingine. Ndiyo maana waombaji wengi husema, "Lakini hayo yalikuwa mawazo yangu tu." Pengine yalikuwa hivyo kweli, na pengine sivyo. Kazi yote iko katika kupambanua.

Aliyemfundisha Samweli ni Eli, mzee ambaye macho yake yamefifia na wanawe mwenyewe wamemshinda. Hata yeye alichelewa kung'amua, ilibidi kijana amjie mara ya tatu ndipo akamwambia aseme, "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Kwa hiyo kumsikiliza Mungu ni jambo la kujifunza, mtu hukosea akiwa njiani, na kwa kawaida humhitaji mtu wa pili.

Mambo matatu yaliyofungwa kamba moja

Mtu anaposema "Mungu ameniambia nihamie Mwanza", sentensi hiyo imebeba mambo matatu. La kwanza ni kile kilichomjia: labda mstari wa Biblia uliomganda rohoni, labda ndoto, labda wazo linalorudi kila akisali. La pili ni maana aliyokipa. La tatu ni hatua aliyoona inafuata. Makosa mengi hayazaliwi kwenye la kwanza, yanazaliwa kwenye la pili na la tatu. Lakini kwa kuwa yote yamefungwa kwa kamba ya "Mungu amesema", hakuna anayethubutu kuyafungua, maana kumhoji msemaji kunaonekana kama kumhoji Mungu.

Matendo 21 inaonyesha jambo hili waziwazi. Paulo yuko Kaisaria, njiani kwenda Yerusalemu. Nabii Agabo anauchukua mshipi wa Paulo, anajifunga miguu na mikono, na kusema kwamba Roho Mtakatifu anatangaza kuwa mwenye mshipi huo atafungwa Yerusalemu na kutiwa mikononi mwa watu wa Mataifa. Hakuna aliyepinga ujumbe. Waliokuwepo wakauelewa hivi: basi asiende. Wakamsihi kwa machozi. Paulo aliyesikia ujumbe uleule, kutoka kinywa kilekile, akauelewa kwamba ajiandae, akaenda. Agabo mwenyewe hakusema aende wala asiende. Ndugu wale hawakuwa waongo. Walikuwa na upendo, na upendo ndio uliojaza nafasi ambayo ujumbe uliiacha wazi.

Zoezi la kwanza, basi, ni la ulimi. Badala ya kusema "Mungu ameniambia nihamie Mwanza", sema: "Nimekuwa nikisoma habari za Ibrahimu, neno 'toka' limenikaa kwa wiki tatu, nadhani linahusu kazi yangu, ninafikiria kuhama." Sasa mtu anaweza kukusaidia. Anaweza kukuuliza kama "toka" ni la mji au la uhusiano fulani unaoujua mwenyewe.

Mahali, muda na mwili

Watu hupenda kuruka sehemu hii kwa kuwa haina utukufu, lakini ndiyo inayowaangusha wengi. Eliya alipofika chini ya mretemu, 1 Wafalme 19, alikuwa amechoka mpaka akaomba afe. Malaika hakumpa ufunuo. Alimwambia ale, akala akalala. Akamwamsha tena ale. Mara mbili. "Sauti ndogo, ya utulivu" ilikuja baadaye, Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Anayetoka kwenye mkesha, halafu kazini, halafu anajilazimisha kunyamaza saa sita usiku akitaka kusikia jambo kubwa, anachohitaji kwanza ni kulala.

Dakika 25 kwa siku zinatosha kuanzia: 3 za kutulia, 10 za kusoma, 7 za ukimya, 5 za kuandika. Usianze na saa nzima. Anayeanza na saa nzima huacha mapema, kisha hubaki na hatia. Kwa wanaoishi chumba kimoja na familia, saa kumi na moja alfajiri huwa ndiyo nafasi pekee kabla redio ya jirani haijawashwa. Asiyeweza hiyo aulize kanisani kama mlango huwa wazi siku za kazi. Kaa kwenye kiti, mgongo wima, miguu imekanyaga chini. Kuomba kitandani ni kuomba usingizi. Simu iwe chumba kingine, au izimwe kabisa ikiwa chumba ni kimoja, kwa sababu anayesoma Biblia kwenye simu atakutana na ujumbe wa kikundi cha harusi kabla hajamaliza sura. Tumia Biblia ya karatasi.

Pembeni weka kipande cha karatasi. Ukinyamaza tu, akili italeta ada ya mtoto, deni la dukani, gesi iliyoisha. Usipigane nayo. Andika neno moja, "ada", kisha rudi. Jambo likishaandikwa, akili huacha kulipigia kelele. Likirudi mara ya tatu na ya nne, acha kuliona kama kizuizi: mwambie Mungu habari za hiyo ada, huenda ndiyo sala yenyewe ya siku hiyo.

Kusoma polepole mpaka neno likushike

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia karne ya 6 na ambayo watawa Wabenedikto wanaifuata hadi leo, kuanzia Monte Cassino hadi Peramiho na Ndanda, inaanza na neno moja: Sikiliza. Katika nyumba za watawa ndimo ulimokulia usomaji uitwao lectio divina. Karne ya 12 mtawa Mkartusi, Guigo wa Pili, aliupanga kama ngazi yenye vipago vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele za Mungu bila maneno. Wakristo wa madhehebu mengi sasa wanautumia, kwa sababu unatatua tatizo kubwa la anayeanza, ambalo ni kukaa kimya mbele ya utupu. Hapa hukai mbele ya utupu. Mungu amekwisha kusema, wewe unajibu.

Chukua Marko 10:46-52, kipofu Bartimayo. Mistari 7, isizidi 10 au 12. Isome kwa sauti ya chini, kisha nyamaza kidogo. Isome tena, polepole zaidi, ukiangalia ni neno gani linakukamata. Usilitafute lenye mafundisho mazuri. Mmoja atakamatwa na wale wengi waliomkemea ili anyamaze. Mwingine atakamatwa na "akatupa vazi lake". Mwingine ni lile swali la Yesu, "Wataka nikufanyie nini?", na atashangaa kwamba hana jibu. Neno likikushika, acha kusoma. Lirudie kama mtu anayetafuna muwa: utamu hautoki kwa kumeza. Jiulize linagusa wapi katika maisha yako ya wiki hii. Kisha ongea na Mungu kuhusu hapo hasa palipoguswa, kwa maneno yako ya kila siku. Halafu nyamaza zile dakika 7. Katika ukimya huo huna kazi ya kufanya. Ukiona umepotea mbali, rudi kwa lile neno moja, "vazi", bila kujigombeza.

Mara nyingi hakuna kitakachotokea. Hilo ni la kawaida na si dalili ya kushindwa. Anayeishi na mwenzake miaka 20 hutambua kikohozi chake katikati ya umati, alikipataje? Kwa siku nyingi ambazo hakuna jambo kubwa lililosemwa. Yesu anaposema katika Yohana 10 kwamba kondoo wake waisikia sauti yake, anazungumza na watu waliojua kwamba mifugo huizoea sauti ya anayeilisha kwa kulishwa kila siku.

Mambo mawili huharibu usomaji huu. Wahubiri, walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa kwaya huwa na ugonjwa wao: neno likiwashika tu, wanaanza kuandaa somo kwa ajili ya wengine. Dawa ni kuapa kwamba kifungu cha asubuhi hakitahubiriwa mwezi huo. Jambo la pili ni kufungua Biblia popote na kuweka kidole. Wanaofanya hivyo humtaja Augustino, aliyesikia sauti ya mtoto kule Milano mwaka 386 ikiimba "twaa usome", akafungua nyaraka za Paulo, akakutana na Warumi 13. Wanasahau kwamba alikuwa amezisoma nyaraka hizo kwa muda mrefu, na mstari ule ulimwambia aache alichokuwa anajua tayari kwamba anapaswa kuacha. Ukikifanya kidole kuwa mazoea, umegeuza Biblia kuwa ramli. Ngozi ya kondoo ya Gideoni nayo hutumiwa vibaya vivyo hivyo. Waamuzi 6 inaonyesha kwamba Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Ngozi ilikuwa ya hofu yake, na Mungu alimvumilia.

Daftari

Nunua daftari la kawaida. Kila siku andika tarehe, kifungu, neno lililokushika, na hali uliyotoka nayo: utulivu, huzuni, ukavu, hamu ya kumsamehe fulani, kero. Mistari mitatu au minne inatosha. Panapotokea jambo linaloonekana kama mwongozo, gawanya ukurasa katika sehemu tatu: kilichonijia, nadhani maana yake, nadhani la kufanya. Acha nafasi chini ya kuandika kilichofuata.

Usilisome daftari kila siku. Baada ya siku 30, keti saa moja ulisome lote kwa mkupuo. Hapo ndipo mambo huonekana. Neno lililoonekana kubwa tarehe 4 halijarudi tena, na neno dogo ambalo hukulijali limejitokeza mara sita katika vifungu tofauti. Utaona pia kwamba maneno makali ya "toka, acha, vunja" yote yalikuja siku ulizogombana na mtu kazini. Bila daftari, kumbukumbu hupanga mambo upya ili yaafikiane na ulilokwisha kulitaka.

Kupima kilichokuja

Inyasi wa Loyola alikuwa askari. Mwaka 1521 mzinga ulimvunja mguu Pamplona, akalala miezi mingi nyumbani akipona. Alitaka hadithi za mashujaa wa vita, hazikuwepo. Akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akawa anaota ndoto mbili za mchana. Moja ni ya ushujaa na bibi wa heshima aliyetaka kumpendeza, nyingine ni ya kuishi kama watakatifu wale. Zote zilimfurahisha akiwa anaziota. Tofauti ilikuja baadaye: ya kwanza ilimwacha mkavu na asiyeridhika, ya pili ilimwacha na furaha iliyobaki. Katika hilo alijenga mafundisho yake ya kupambanua roho. Kwa hiyo usipime wazo kwa ladha yake mdomoni. Pima linaacha nini baada ya saa tatu, baada ya siku mbili. Je, umekuwa mpole zaidi kwa mkeo, mumeo, wafanyakazi wako? Matunda ya Roho katika Wagalatia 5:22-23 ni kipimo cha nyumbani kabisa.

Vivyo hivyo kwa hukumu ya dhamiri. Sauti inayosema "ulimdanganya fulani juzi, nenda kamwombe radhi" ni mahususi, inauma, na ina mlango wa kutokea. Sauti inayosema "wewe ni mtu mbaya, hufai, umekwisha" haina jina la kosa wala njia ya kurudi. Paulo katika 2 Wakorintho 7:10 anazitenganisha huzuni hizi mbili: moja huleta toba, nyingine huleta mauti. Watu wengi waaminifu wamekuwa wakiitii ya pili kwa miaka wakidhani ni unyenyekevu.

Kuna vipimo viwili vinavyopendwa sana makanisani ambavyo haviwezi kusimama peke yake: "nina amani" na "mlango umefunguka". Yona alikuwa anamkimbia Mungu. Alishuka Yafa akakuta merikebu iko tayari kwenda Tarshishi, na nauli anayo. Mlango umefunguka. Akaingia chini ya merikebu akalala usingizi mzito katikati ya tufani. Ana amani. Kinyume chake Yesu, Gethsemane, ndani kabisa ya mapenzi ya Baba, alikuwa na huzuni ya kufa. Amani ina thamani inapokaa pamoja na ushahidi mwingine, na inapodumu baada ya kulikabili jambo ambalo hukutaka kulikabili.

Swali zito kuliko yote ni kama moyo uko huru. Katika Yeremia 42, Wayahudi waliosalia wanamwendea nabii awaombee, waambiwe njia ya kwenda, na wanaapa kwamba watatii liwe jema, liwe baya. Jibu lilichukua siku 10. Hata nabii alingoja siku 10! Lilipokuja likasema wasiende Misri, wakamwita Yeremia mwongo. Sura iliyotangulia imeshaeleza kwa nini: walikuwa wamepiga kambi karibu na Bethlehemu, safari ya Misri imeshaanza. Walimwomba Mungu wakiwa wamefunga mizigo. Kabla ya kuuliza, andika daftarini unachotaka wewe, kwa ukweli. Kisha omba mpaka uweze kusema, japo kwa shida, kwamba ungeipokea "hapana". Ikiwa huwezi kufika hapo, hilo lenyewe ndilo la kuliombea kwa wiki hiyo, na uamuzi usubiri.

Si kila uamuzi unahitaji neno maalumu. Paulo anamwambia mjane, 1 Wakorintho 7:39, kwamba yuko huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu. Barua ya mtaguso wa Yerusalemu, Matendo 15:28, inasema "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi", na uamuzi ule ulitoka katika kikao kirefu chenye mabishano, ushuhuda na Maandiko. Kufikiri vizuri ni sehemu ya kusikiliza.

Neno linalomhusu mtu mwingine

"Mungu amenionyesha kwamba wewe ni mke wangu." Mabinti wengi wa kwaya wameisikia kauli hii na wengine wameogopa kuikataa. Jibu liko katika Matendo. Anania alipotumwa kwa Sauli, Sauli naye alikuwa ameonyeshwa mtu aitwaye Anania akija. Petro alipotumwa kwa Kornelio, Kornelio naye alikuwa ameambiwa amwite Petro. Jambo la watu wawili liliwafikia wawili. Kama limemfikia mmoja tu, huyo wa pili hana deni lolote. Aliyeambiwa angojee kimya, na akiona anashindwa kungoja kimya, ameshajua kinachomsukuma.

Kuna maneno ambayo hayafai kutendwa peke yako hata ungekuwa na hakika kiasi gani: kuacha dawa za kisukari, za kifafa, za VVU au za shinikizo la damu, kufunga bila maji kwa siku nyingi, kutoa fedha zote za nyumba, kuvunja ndoa, kukata mawasiliano na jamaa wote. Aliyeponywa atapimwa hospitali na daktari atampunguzia dawa. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa wakiamini kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu. Lile "Mungu amesema" halikufunguliwa na mtu yeyote mapema vya kutosha. Mjamzito, mwenye kisukari na anayemeza dawa za kila siku wafunge vitu vingine: simu, televisheni, maneno.

Tuseme na hili bila aibu. Mtu anayesikia sauti kwa masikio kama mtu anaongea chumbani, sauti inayotukana au kuamuru ajidhuru au amdhuru mwingine, na ambaye halali siku kadhaa na anawashuku hata wa nyumbani mwake, anahitaji hospitali, na aombewe akiwa anatibiwa. Mwombee, ila usimwache aongeze mikesha na mifungo. Kukosa usingizi na chakula humzidishia.

Siku za ukavu

Huja kwa kila mtu. Inyasi alitaja sababu tatu: uzembe wetu, kujaribiwa, na kufundishwa kwamba faraja ni zawadi. Angalia ya kwanza kwanza, kwa uaminifu. Kama haipo, usijitese kuitafuta. Kanuni yake moja kwa kipindi hiki ni ya kushikwa kwa nguvu: usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na mwanga. Aliyeweka nia ya kumtunza mama mgonjwa, akaingia ukavuni, akaanza kuona kwamba pengine Mungu hakumwita, angojee. Asipunguze muda wa sala. Aongeze dakika mbili juu ya zile 25. Na arudie kifungu kilichowahi kumshika, maana wakati wa ukavu vifungu vipya huwa kama mchanga mdomoni.

Kusikiliza pamoja, na kulisema lililosikika

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wakikutana Nairobi chini ya AMECEA, umoja wa mabaraza yao, walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji, na katika nyingi kati ya hizo ilienea njia ya hatua saba kutoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Wanamwalika Bwana, wanasoma Injili, kila mmoja anataja kwa sauti neno au fungu la maneno lililomgusa, wananyamaza dakika kadhaa, wanashirikishana, wanajadili kazi ya wiki, wanasali. Hatua inayokufa mara kwa mara ni ya nne, ukimya. Mwenyekiti anaona aibu ya kimya, anaanzisha wimbo. Ashike saa na asiguse kitu mpaka dakika tatu ziishe. Hatua ya tano nayo huharibika pale mmoja anapoanza kumfundisha mwenzake. Kila mtu aseme "mimi", na asijibiwe. Ndugu wa uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walikuwa na desturi yao ya kuleta mambo "nuruni" mbele ya ushirika, na wazee wengi wa Kianglikana na Kilutheri bado huwa wepesi kumwuliza kijana maswali magumu kwa upendo. Tafuta wawili au watatu wa namna hiyo. Wasiwe marafiki wanaokubali kila kitu, wala watu wanaofaidika na uamuzi wako. Paulo alitaka hata manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue.

Atakayekosea aseme amekosea. Nathani alimwambia Daudi afanye yote yaliyo moyoni mwake kuhusu kumjengea Mungu nyumba. Usiku uleule akaambiwa sivyo, akarudi kwa mfalme kulitengua neno lake. Aliendelea kuwa nabii, na baadaye, kwa habari ya Uria, ambaye Daudi alimfanya auawe, Daudi alimsikiliza.

Samweli naye, baada ya usiku ule, alilala mpaka asubuhi, akaamka akafungua milango ya nyumba ya Bwana kama ilivyokuwa kazi yake. Aliogopa kumwambia Eli, kwa kuwa ujumbe ulikuwa juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Hakuutangaza. Alingoja aitwe, akaulizwa, ndipo akasema yote bila kuficha neno. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Habari zilikuwa mbaya, zilimhusu yeye na wanawe, na zilitoka katika kinywa cha mtoto aliyemlea. Naye akasema kwamba huyo ni Bwana.